Mtoto Mpya Amefika Kituoni: Mwongozo wa Siku 90 za Kwanza kwa Makao ya Watoto ya Kikristo

Maswali ni yaleyale kila kituo kipya kinapofunguliwa na kila mama mlezi mpya anapoanza kazi. Mtoto akiletwa usiku bila karatasi, tumpokee? Tumnyoe nywele? Kwa nini anaficha chakula ilhali anashiba? Shangazi yake akija tumruhusu kumwona? Mfadhili anaomba picha, tumpe lini? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, tangu simu ya kuomba nafasi hadi kikao cha mapitio cha siku ya 90.

Jambo moja kabla ya yote. Wengi wa watoto wanaoitwa yatima kwenye makao duniani wana mzazi mmoja aliye hai, au wote wawili, au wana bibi, mjomba, dada mkubwa. Kwa hiyo kila hatua hapa chini ina kazi mbili: kumtunza mtoto vizuri leo, na kutoifunga njia ya kurudi kwao. Zaburi ya 68 inamwita Mungu baba wa yatima, na mstari unaofuata unasema huwakalisha wapweke nyumbani. Hilo la pili ndilo makao mengi huliruka.

Vitu vya kuwa navyo kabla mtoto hajafika

Anza na watu. Unahitaji mlezi mmoja, anayejulikana kwa jina, ambaye atakuwa mlezi mkuu wa mtoto huyu. Mtu wa pili wa kushika faili na kushughulika na familia. Na mhudumu wa afya mnayeweza kumpigia simu saa yoyote. Wote, pamoja na mlinzi wa geti na mpishi, wawe wamechunguzwa rekodi zao za polisi na wamesaini kanuni za ulinzi wa mtoto. Kama mlezi tayari ana watoto wachanga 4, au wakubwa 8 hadi 10, huyo amejaa. Usimwongezee kwa kuwa ni mchapakazi.

Kisha vifaa:

- Kitanda cha mtoto mmoja, godoro lenye mpira wa kuzuia maji, shuka jozi 3, blanketi.
- Nguo za ndani 6, nguo za mchana jozi 3, za kulalia jozi 2, kandambili.
- Mswaki, taulo, sabuni na kitana chenye meno yaliyokaribiana. Vyote viwe vyake peke yake, vimeandikwa jina lake.
- Kipimajoto, mizani, kipimo cha urefu, utepe wa kupimia mzingo wa mkono, pakiti 6 za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini kwa anayeharisha) na chombo cha lita 1.
- Sanduku dogo lenye kifuniko la kuwekea mali yake, na kopo la vitafunio vikavu.
- Taa ndogo ya kuwaka usiku kucha.
- Fomu tatu: ya mapokezi, ya makabidhiano na ya afya.

Viatu usinunue kabla hujapima mguu.

Hatua ya 1: Amua kama mtoto anapaswa kuja

Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika, na hufanywa na watu wenye huruma. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, iliyopitishwa na Baraza Kuu Desemba 2009, inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Uchukuliwe kuwa dalili kwamba familia inahitaji kusaidiwa. Basi uliza haya kwa simu, au bora zaidi kwa kwenda mpaka kwao:

1. Nani anamlea sasa, na nini kinamshinda? Jibu la "hana uwezo" halitoshi. Hana uwezo wa nini: chakula, ada, kodi ya chumba, dawa, au mtu wa kumwachia mtoto anapokwenda kazini?
2. Kile kinachokosekana kinagharimu kiasi gani kwa mwezi? Linganisha na gharama yenu ya kumlea mtoto mmoja kwa mwezi, mishahara ikiwemo. Mara nyingi kumsaidia akiwa kwao ni nafuu.
3. Kuna ndugu gani upande wa mama, na gani upande wa baba? Andika majina, usiridhike na "hakuna".
4. Kuna hatari: kipigo, unyanyasaji wa kingono, kutelekezwa, kufanyizwa kazi za kuumiza?
5. Ana ndugu wa tumbo moja? Kama wapo, waje pamoja au wasije. Wasigawanywe vituo viwili.

Kama kuna hatari, au kweli hakuna wa kumlea, endelea na hatua ya 2. Kama tatizo ni fedha tu, panga msaada apewe akiwa nyumbani na umjulishe afisa wa ustawi wa jamii. Kanisa lina nafasi nzuri kwa hili kuliko shirika lolote, kwa sababu tayari lina washarika jirani na familia hiyo.

Mtoto wa chini ya miaka 3 ana kanuni yake: miongozo hiyohiyo inataka alelewe ndani ya familia. Utafiti wa Bucharest, nchini Romania, ulioanza mwaka 2000, uliofuatilia watoto 136 waliokuwa kwenye taasisi, ulionyesha kwamba waliohamishiwa kwenye familia za malezi walikua vizuri zaidi kiakili, hasa waliohamishwa kabla ya kufikisha miaka 2. Kwa hiyo mkimpokea mchanga kwa dharura, anzeni siku hiyohiyo kutafuta familia ya kumlea kwa muda.

Onyo: Jihadhari na mtu anayezunguka kukusanya watoto huku akiwaahidi wazazi shule ya bure. Watoto hao wakati mwingine huja na vyeti vya kifo vya kughushi vya wazazi walio hai. Usimlipe mtu yeyote hata nauli kwa ajili ya kuleta mtoto. Taarifa yake ipelekwe ustawi wa jamii na polisi.

Hatua ya 2: Pokea kwa maandishi, getini

Fomu ya makabidhiano isainiwe na anayeleta, anayepokea na shahidi mmoja. Iwe na jina kamili la anayeleta, namba ya kitambulisho chake, uhusiano wake na mtoto, tarehe, saa, mahali mtoto alipotoka na hali yake kwa macho: majeraha, nguo alizovaa, alichobeba. Omba barua ya ustawi wa jamii au amri ya mahakama, cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki.

Mtoto akiletwa usiku bila karatasi, naye yuko hatarini, mpokee. Piga simu polisi au ustawi wa jamii palepale, andika saa uliyopiga na jina la aliyejibu, na karatasi zifuatiliwe asubuhi. Wekeni saa 24 kuwa kikomo chenu hata kama sheria ya nchi inawapa muda mrefu zaidi. Mtoto anayekaa wiki tatu bila taarifa rasmi ni mtoto ambaye ndugu zake wanaweza kuwa wanamtafuta polisi huku ninyi mkimwombea ibadani.

Usimsainishe mzazi karatasi ya "kumtoa" mtoto. Kituo hakina mamlaka ya kufuta uzazi, na mzazi aliyesainishwa hivyo huogopa kurudi kumtazama mwanawe.

Hatua ya 3: Saa mbili za kwanza

Mlezi mkuu ndiye ampokee, wala si umati. Ainame hadi usawa wa macho ya mtoto, amtajie jina lake, amwulize anapenda kuitwa nani. Jina asibadilishwe, jina jipya la Biblia linaweza kuonekana baraka kwenu, lakini kwake ni kitu kingine tena alichonyang'anywa. Kisha, kwa mpangilio huu:

1. Maji ya kunywa.
2. Choo. Mwonyeshe kilipo, kinavyotumika na taa yake inavyowashwa. Wengine hawajawahi kukitumia cha aina hiyo.
3. Chakula kidogo chepesi. Sababu iko hatua ya 4.
4. Kuoga, ila tu kama hakuna dalili wala taarifa ya unyanyasaji wa kingono. Zikiwepo, asioge, asibadilishwe nguo, apelekwe hospitali kwanza. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo.
5. Kitanda chake na sanduku lake.

Nguo alizokuja nazo zifuliwe zitunzwe kwenye sanduku, hata kama ni matambara. Zina harufu na kumbukumbu ya kwao. Kuzichoma ni kosa la kawaida sana.

Usimnyoe. Chawa huondolewa kwa dawa ya kichwa na kitana chenye meno ya karibu, kila baada ya siku 3 au 4 kwa wiki mbili. Mtoto aliyenyolewa kwa nguvu siku ya kwanza hujifunza kwamba hapa mwili wake si wake.

Hatua ya 4: Afya, ndani ya saa 24

Kwanza tafuta dalili za hatari. Hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri: hospitali sasa hivi, usiku ama mchana. Mtoto wa miezi 2 hadi 12 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, na wa mwaka 1 hadi 5 anayepumua mara 40 au zaidi, naye aende. Hesabu dakika nzima akiwa ametulia.

Halafu utapiamlo. Kwa mwenye miezi 6 hadi 59, pima mzingo wa mkono wa kushoto katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali. Kati ya 115 na 125 ni wa wastani. Kisha bonyeza upande wa juu wa nyayo zote mbili kwa vidole gumba, sekunde 3. Shimo likibaki miguu yote miwili, ni mkali hata kama mkono umenona.

Onyo kubwa: Mtoto mwenye utapiamlo mkali asishibishwe. Mwili uliozoea njaa ukipewa chakula kingi ghafla, madini kwenye damu hushuka na moyo unaweza kusimama. Mpeleke hospitali, mkiwa njiani apewe maji yenye sukari, kidogo kidogo, na afunikwe asipate baridi. ORS ya kawaida nayo asipewe bila mhudumu wa afya kusema.

Kwa mtoto asiye na utapiamlo mkali anayeharisha: pakiti 1 ya ORS ndani ya lita 1 ya maji safi, imwagwe baada ya saa 24. Wa chini ya miaka 2 anywe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo chepesi. Wa miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200. Pakiti zikiisha, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi ni hatari, pima, usikisie.

Mhudumu wa afya aangalie pia:

- Chanjo. Bila kadi, atapangiwa za kukamilisha. Kovu begani peke yake halithibitishi zote.
- Minyoo. Kipimo cha kawaida cha albendazole ni miligramu 200 kwa wa miezi 12 hadi 23, na 400 kuanzia miaka 2.
- Kifua kikuu: kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa, kukonda, au kuishi na mgonjwa.
- VVU, kwa ushauri nasaha na ridhaa ya mwenye mamlaka kisheria. Jibu likae kwenye faili lililofungwa. Mpishi na walezi wengine hawana haja ya kulijua.
- Macho, masikio na meno. Anayeitwa mkaidi shuleni wakati mwingine hasikii tu.

Upele wa kuambukiza (scabies) ukionekana, krimu ya permethrin ya asilimia 5 ipakwe mwili mzima kuanzia shingoni kwenda chini, hata katikati ya vidole na chini ya kucha, ikae saa 8 hadi 14, irudiwe baada ya siku 7. Kwa mchanga, au kama upele uko kichwani, mhudumu wa afya ndiye aelekeze. Waliolala chumba hicho wote watibiwe siku hiyohiyo. Nguo na shuka zifuliwe kwa maji ya moto. Kisichofulika kifungwe kwenye mfuko wa plastiki siku 7. Kumtibu mmoja mmoja ndiko kunakofanya upele uzunguke bwenini mwaka mzima.

Hatua ya 5: Usiku wa kwanza

Mtoto mmoja, kitanda kimoja, na nafasi ya mita 1 hadi kitanda cha pili. Kama ana ndugu yake, vitanda vyao vikae jirani. Usimweke mdogo chumba kimoja na wakubwa wanaomzidi miaka mingi. Baadhi ya unyanyasaji makaoni hufanywa na watoto wakubwa, mahali ambapo hakuna mtu mzima. Mwambie kwa maneno machache: nani analala karibu, atamwitaje, choo kiko wapi, na kesho asubuhi kitatokea nini. Mlezi apite kila baada ya saa 2. Ikiwa lazima aingie, aseme jina lake kabla ya kusogea kitandani.

Hatua ya 6: Faili

Ndani ya siku 7 faili liwe na fomu ya makabidhiano, barua ya ustawi wa jamii, nakala ya cheti cha kuzaliwa au uthibitisho kwamba kimeombwa, fomu ya afya, picha moja ya kumbukumbu, majina ya ndugu na simu zao, ramani ya kwao, dini ya familia, lugha ya nyumbani, na sababu ya kuja, iliyoandikwa kwa ukweli. Andika kile ulichoona na kile ulichoambiwa na nani. "Mama ni mzembe" ni hukumu. "Jirani anasema mama huondoka saa 11 alfajiri na kurudi saa 2 usiku" ni taarifa, na inaonyesha msaada gani unahitajika.

Tarehe ya kuzaliwa isipojulikana, usibuni. Andika "inakadiriwa" na njia uliyotumia. Meno husaidia kidogo: ya utoto yote 20 huwa yameota karibu na miaka 3, magego ya kwanza ya ukubwani hutoka karibu na miaka 6, na ya pili karibu na 12. Utapiamlo huchelewesha urefu, kwa hiyo kimo ni shahidi dhaifu wa umri.

Faili likae kwenye kabati la kufungwa. Atakapokuwa mtu mzima atakuja kuliomba, na ana haki. Liandike ukijua kwamba yeye ndiye msomaji wake wa mwisho.

Hatua ya 7: Wiki mbili za kwanza

Ratiba isibadilike. Milo 3 na vitafunio mara 2, saa zilezile, ibandikwe ukutani kwa picha kwa wasiojua kusoma. Mtoto aliyeishi na njaa hatulizwi na wingi wa chakula. Anatulizwa na kujua kwamba mlo ujao upo.

Shule aanze kati ya siku ya 7 na ya 14, baada ya mwalimu kumpima kusoma na kuhesabu. Amweke kwenye darasa analoliweza, lakini asikae na watoto wadogo sana kuliko yeye hadi aone haya. Bora masomo ya ziada jioni. Sare na begi vifanane na vya wenzake wote, bila jina la kituo.

Wageni na watu wa kujitolea wasimbebe wala kumkumbatia katika siku hizi 90. Anapojifunza kushikamana na mtu anayeondoka baada ya wiki mbili, halafu mwingine, halafu mwingine, kinachobaki ni tabia ya kumkimbilia kila mgeni. Wageni huiona ni upendo, kumbe ni jeraha.

Adhabu ya kiboko, kunyimwa chakula na kufungiwa chumbani hazimo kabisa. Kosa lijibiwe na mlezi mkuu, palepale, kwa sauti ya kawaida na kwa kurekebisha alichoharibu.

Hatua ya 8: Tafuta ndugu, kuanzia siku ya 7

Usimwulize mtoto mara kumi "mama yako yuko wapi". Mpe karatasi na kalamu za rangi, achore nyumba na njia ya kwenda shule. Uliza: nani alikuwa analala wapi? Kengele au adhana ilisikika kutoka upande gani? Maji mlichota wapi? Watu walimwitaje bibi? Majina ya utani huwafikisha watu haraka kuliko majina ya cheti.

Ndugu akipatikana, mtu wa faili amtembelee kwanza bila mtoto. Akionekana salama, panga hivi: kumtembelea mtoto kituoni saa 1 au 2, mlezi akiwepo, kurudia kila wiki au kila wiki mbili, mtoto kushinda kwao siku moja, kulala usiku mmoja, kisha likizo. Baada ya kurudi moja kwa moja, mfuatilie wiki ya 1, mwezi wa 1, wa 3, wa 6 na wa 12. Ulinganisho wa gharama wa hatua ya 1 sasa unatumika: fedha iliyokuwa ya kitanda chake imfuate nyumbani kwa muda uliopangwa.

Hatua ya 9: Imani

Kituo ni cha Kikristo na mtoto ataona hivyo kuanzia sala ya chakula. Hilo si tatizo. Tatizo ni sala inapogeuzwa bei ya chakula. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 14, unalinda uhuru wa mtoto wa dini, na kifungu cha 20 unataka malezi mbadala yazingatie dini, lugha na utamaduni aliokulia. Kwa vitendo:

- Ibada ya watoto iwe dakika 15 hadi 20. Asiyetaka kusali akae kimya, asitolewe nje wala kusemwa.
- Mtoto wa dini nyingine aruhusiwe kuishika, na ndugu zake waulizwe.
- Ubatizo usubiri. Siku hizi 90 atakubali lolote ili asifukuzwe. Kukubali kwa namna hiyo si imani.
- Usimwambie kwamba wazazi wake walikufa au walimwacha kwa sababu ya dhambi.
- Kifafa si pepo, na kukojoa kitandani vilevile. Mwombee, na dawa anywe.

Hatua ya 10: Picha na wafadhili

Katika siku 90 za kwanza hakuna picha ya mtoto kwenda nje, isipokuwa ile ya faili. Baada ya hapo, kwa ridhaa ya mlezi wa kisheria na ya mtoto mwenyewe: jina la kwanza tu au jina badala, bila mahali alipo, bila hali ya afya, bila kisa cha wazazi, na awe amevaa vizuri. Picha ya siku ya kwanza, akiwa na uchafu na machozi, isipigwe kabisa. Huleta fedha, ndiyo. Na itakuwa mtandaoni bado siku atakapotafuta mchumba au kazi. Barua na zawadi zipitie ofisini, na mfadhili asipewe simu ya mtoto wala kumtoa nje peke yake.

Hatua ya 11: Mapitio ya siku ya 30 na ya 90

Miongozo ya 2009 inapendekeza mapitio angalau kila miezi 3. Wakae mlezi mkuu, mtu wa faili, afisa wa ustawi wa jamii, ndugu kama wapo, na mtoto mwenyewe ikiwa umri unaruhusu. Ajenda ni fupi: uzito na urefu vimekwenda wapi, shule ikoje, nani amepatikana, na nini kinazuia arudi kwa familia. Kila kizuizi kiandikiwe mtu na tarehe. Kikao kinachoishia na "aendelee kulelewa" bila kutaja kizuizi hakijafanya mapitio.

Mambo yakikwama

*Anakojoa kitandani.* Chini ya miaka 5 ni kawaida. Juu ya hapo, anywe maji ya kutosha mchana na apunguze jioni, aende choo kabla ya kulala, taa ibaki inawaka. Shuka zibadilishwe bila maneno, mwenzake asijue. Akiwa alishaacha na sasa ameanza tena, au anaumia akikojoa, apimwe mkojo na sukari, na mlezi azingatie kama kuna mtu anayemwogopa.

*Anaficha chakula chini ya godoro.* Usimwite mwizi. Mpe lile kopo la vitafunio vikavu, liwe lake, lijazwe kila jioni. Kinachooza kiondolewe mbele yake, kwa kumbadilishia. Tabia hii huisha polepole, kunyang'anya huirefusha.

*Anakula mpaka anatapika.* Pakua kidogo, mwongezee akiomba, mlezi akae naye mezani. Asikae karibu na sufuria.

*Haongei.* Mpime masikio, hakikisha kuna mtu anayejua lugha ya kwao, na usimlazimishe mbele za watu. Ikipita wiki 4 bila mabadiliko, rufaa kwa mtaalamu.

*Anapiga wenzake.* Andika saa, mahali na kilichotangulia kwa siku 7. Mara nyingi utaona saa ileile: kabla ya mlo, au taa zinapozimwa. Rekebisha saa hiyo.

*Amemweleza mlezi kwamba alifanyiwa jambo baya.* Sikiliza bila kumkatiza. Mwambie si kosa lake na amefanya vyema kusema. Usiahidi siri, usimhoji kwa maswali ya kumwongoza. Andika maneno yake mwenyewe siku hiyohiyo, toa taarifa kwa wenye mamlaka, na hospitali kama bado ni ndani ya saa 72. Akimtaja mfanyakazi wenu, mchungaji au mfadhili, mtu huyo aondolewe karibu na watoto siku hiyo, na uchunguzi ufanywe na polisi na ustawi wa jamii. Msiusuluhishe kwenye kikao cha wazee wa kanisa.

*Ametoroka.* Tafuta dakika 30 kituoni na njia ya kwenda kwao, huku mwingine akipiga simu polisi. Akirudi: maji, chakula, kulala. Maswali kesho yake, mlezi mkuu peke yake. Wengi hutoroka kwenda kumtazama mdogo wao au bibi, kwa hiyo jibu lake huwa ni ziara iliyopangwa.

*Ndugu amekuja amelewa, anamdai mtoto.* Asiingie, asitukanwe. Mkalishe nje, mpe maji, mwambie siku na saa ya kurudi akiwa timamu, mwandikie kwenye karatasi aondoke nayo. Akileta fujo, ita polisi. Tukio liandikwe kwenye faili, na siku ile ya miadi mtu wa faili awepo getini kabla ya saa yenyewe, kwa sababu ndugu anayerudi akiwa timamu ni mtu wa kuanza naye upya hatua ya 8.